Saa Moja, Si Saa Tano

Aziza, mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga mama mkubwa wako na watu wake kule Kamalondo, na mama yako amejinyoosha kidogo baada ya swala ya alasiri. Nyumba imetulia. Sanduku lako liko mlangoni, nimelifunga kamba juu ya zipu kwa sababu ile zipu siiamini. Kesho asubuhi utapanda ndege ya Kisangani kwenda kusoma kilimo, na sijui ni lini nitakuona tena. Mambo ya chandarua, ya chakula na ya watu watakaokupokea kule tumeyasema wiki nzima mpaka umechoka kuitika, kwa hiyo nayaacha. Ninakuandikia jambo moja ambalo nimelikwepa kwa miaka sita. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara nyingi. Jana nilianza, ukainua macho ukaniangalia, na nikajikuta nakuuliza kama umeweka sweta.

Ni habari ya siku mama yako alipopatwa na kiharusi. Utasema unaijua, maana ulikuwepo. Lakini unaijua kama mtoto wa miaka kumi na minne alivyoiona, halafu kama watu wazima walivyoisimulia mbele yako baadaye. Mimi niliyeujua ukweli wote nilinyamaza, na ukaachiwa kubeba kitu ambacho hakikuwa chako.

Tulikuwa tunaishi Kasomeno. Nilikuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, na watu waliniita Dokta. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiwasahihisha, nawaambia mimi ni muuguzi, dokta yuko mjini. Baadaye nikaacha kuwasahihisha. Baadaye zaidi nikaanza kukasirika mtu akisahau kuniita hivyo. Hilo naliweka mwanzo kwa sababu yote ninayokusimulia yalitokea humo. Mama yako aliuza samaki wakavu pale magari ya Kasenga na ya Pweto yanapoachana, na madereva wote walimjua kwa sauti yake. Alikuwa na sauti kubwa, unakumbuka. Alikuwa akiniita kutoka sokoni na mimi nikamsikia nikiwa kituoni.

Asubuhi ile ilikuwa siku ya chanjo. Nilikuwa nyuma ya nyumba napiga mswaki, akili yote iko kwenye masanduku ya barafu na akina mama waliokuwa wamekwisha kupanga mstari. Ukaja mbio.

"Papa, kuya uone mama. Kikombe imeanguka mu mukono yake, na anasema mubaya."

Nikaingia. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kigoda, chai ya moto imemwagika miguuni, na hakuonekana kuisikia. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Nikamuuliza ana nini. Akasema amechoka tu, lakini maneno yalitoka kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. Redio ilikuwa inaanza habari za saa moja. Nikampima tansio, ile presha ya damu, nikaikuta juu sana.

Kama ungenipa mtihani wa karatasi dakika ile, ukaniandikia mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, ningejibu bila kufikiri: ni kiharusi, apelekwe mara moja, usimpe chochote. Nilifundishwa hivyo. Lakini aliyekuwa mbele yangu alikuwa Fatuma, ana miaka arobaini na moja, na jana yake alikuwa amebeba gunia la samaki kichwani akicheka. Sikutaka iwe hivyo, basi nikaamua si hivyo. Nikampa kidonge cha kushusha tansio, nikamlaza kitandani, nikasema apumzike.

Ulikuwa umesimama mlangoni. Ukaniuliza, "Hatumupeleke Lubumbashi?"

Nikakujibu, "Dokta ni nani hapa, mie ao weye?"

Ukainamisha kichwa. Nikaenda kwenye chanjo.

Saa nne ulinifuata kituoni. Uliingia mpaka ndani, ukapita katikati ya akina mama na watoto wao, ukanishika koti langu jeupe. Hukusema kitu mbele ya watu. Nadhani uliogopa kuniaibisha, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilikufuata nje, na ukiwa umetulia kabisa ukaniambia mama hawezi kuinua mkono wa kulia na hajibu tena. Nilikimbia. Nilimkuta amefumbua macho, ananiangalia, na sauti yake yote imekwenda.

Papa Kalumba, yule dereva wa pikapu, alikuwa amepakia mahindi ya mtu. Nilipomwambia, hakuuliza neno. Alipanda nyuma akaanza kutupa magunia kando ya barabara moja baada ya jingine, akatandika turubai na godoro letu. Tuliondoka saa tano ikikaribia. Ulikaa nyuma pamoja na mama yako, ukimshika kichwa ili kisigonge kwenye mashimo. Mimi nilikaa mbele.

Sasa nisikilize hapa, Aziza, kwa sababu hili hakuna aliyewahi kulijua. Nilikuwa na simu mfukoni. Ndani yake mlikuwa na namba za madaktari watatu wa Lubumbashi. Papa Kalumba aliniambia mara mbili, tukipita mahali penye mtandao, "Dokta, piga basi simu, batungojee." Sikupiga. Nilimwambia nitapiga tukikaribia. Ukweli ni kwamba daktari yeyote niliyempigia angeniuliza kwanza: imeanza saa ngapi? Nilikuwa nalikimbia swali hilo njia nzima, na mke wangu alikuwa nyuma ya gari anaumia.

Kwa sababu sikupiga, tulizunguka. Hospitali ya kwanza niliichagua kwa kuwa nilisoma na mtu wa pale. Hawakuwa na skana, ile mashine inayopiga picha ndani ya kichwa. Wakatuandikia karatasi ya kwenda ya pili. Ya pili skana ilikuwepo, lakini ilikuwa imeharibika, na waliotutuma hawakujua. Tulimshusha mama yako kwenye turubai, tukampandisha tena. Hapo muuguzi mmoja akaninong'oneza kwamba kuna hospitali ya tatu, upande mwingine wa mji, yenye skana inayofanya kazi na yenye dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Akaniambia pia kwamba dawa hiyo inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tu tangu ugonjwa uanze. Nilimshukuru, na tulipokuwa tunapita mjini, katikati ya magari, nilikuwa nafanya hesabu kichwani. Tangu saa moja, muda ulikuwa umekwisha zamani.

Tulifika saa tisa. Daktari aliyetupokea ni yule mwanamke kijana mwenye miwani, Daktari Mwansa. Alifanya haraka, sina la kumlaumu. Picha ikatoka. Akaniita kando ya kitanda, nawe ukaja nyuma yangu.

"Damu haikumwangika mu bongo," akasema. "Mushipa umeziba. Kuna dawa, lakini nijue saa. Mara ya mwisho kumuona muzima ilikuwa saa ngapi?"

Nikasema, "Saa tano."

"Una hakika?"

"Mi ni muguzi," nikasema.

Akatazama saa ya ukutani. Akasema bado kuna nafasi ndogo, akawaambia wauguzi walete dawa. Nakumbuka sauti ya kile kimeza cha magurudumu kikija. Halafu nikasikia sauti yako.

"Hapana, Papa. Haikukuwa saa tano. Ilikuwa saa moja."

Nikakuambia unyamaze. Nikamwambia daktari, "Huyu mutoto amechoka na njia, hajue kile anasema." Lakini yeye aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wako, akakuuliza jina lako, akakuambia, "Aziza, niambie polepole. Uliona nini?"

Ulimwambia yote. Habari za redio, kikombe, mdomo, kidonge, kitanda, na saa nne uliponifuata. Hukuruka kitu wala hukuongeza kitu. Daktari akasimama akanigeukia.

"Ni kweli?"

Niliangalia sakafu. Alingoja. Akawaambia wauguzi, "Muache. Musimuchome ile dawa." Kimeza kikarudishwa.

Kilichofuata unakikumbuka kuliko mimi, lakini nataka kiandikwe kwa mkono wangu. Nilikushika mkono nikakuvuta hadi kwenye ukumbi, na pale, watu wakipita, nilikuambia: "Kama mama yako anakufa, kinywa yako njo imemuua."

Sikuyarudia tena maneno hayo. Sikuyafuta pia. Yalibaki pale pale nilipoyaweka.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilidanganya kwa ajili yake, kwamba mume yeyote angesema lolote ili mke wake apate dawa. Kuna ukweli humo, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nikisema saa moja, daktari angeuliza nilikuwa wapi tangu saa moja, na mimi ndiye Dokta wa Kasomeno. Nilipokuwa nasema saa tano, vitu vyote viwili vilikuwa mdomoni mwangu, na siwezi leo kukuambia kipi kilikuwa kizito zaidi.

Siku ya tatu, wewe ukiwa umekwenda kulala Kamalondo, Daktari Mwansa aliniita ofisini kwake. Nilidhani atanishitaki. Aliweka picha mbili kwenye mwanga. Moja ilikuwa ya mama yako, ya siku ile. Nyingine ilikuwa ya mtu mwingine, hakumtaja jina, aliyepewa dawa ile baada ya muda wake kupita. Ilikuwa nyeupe nusu nzima. Mshipa ulikuwa umepasuka na damu imejaa.

"Muda ukipita, mushipa unakuwa mulaini," akasema. "Ukifungua kwa nguvu, unapasuka. Ningemuchoma siku ile, pengine tungekuwa tumekwisha kumuzika. Mutoto wako alifanya kazi yako."

Nikamuuliza kama nikuambie. Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu asiyeelewa swali. Akasema, "Hujamwambia bado?"

Nilimjibu kwamba nitakuambia jioni ile. Nilikuja Kamalondo jioni ile. Mama mkubwa wako Riziki alikuwa amekaa na majirani, na wewe ulikuwa unaosha vyombo pale karibu. Alikuwa amesikia habari ya dawa, sijui kutoka kwa nani, pengine kwangu mwenyewe katika maneno yangu ya kuchanganyikiwa. Alisema kwa sauti, bila kukuangalia, "Kama ule mutoto alinyamaza, dada yangu angekuwa anatembea." Ulikuwa na sahani mkononi. Uliishika bila kuiosha, ukanitazama. Ulikuwa unangoja niseme neno.

Nilichukua kikombe cha chai nikanywa.

Katika yote niliyoyafanya, mwanangu, hilo ndilo kubwa. Kidonge nilikitoa kwa hofu. Uongo wa hospitali niliusema katika moto wa saa ile. Lakini jioni ile nilikuwa na muda wa kutosha, nilikuwa nimekwisha kuona zile picha mbili, na nilikuwa nimekaa vizuri. Nilichagua. Baada ya hapo ilikuwa vigumu zaidi kila siku, mpaka ikafika mahali nikawa najihurumia kwa ugumu wenyewe.

Tangu wakati ule ukiulizwa kitu, hata kitu kidogo kama bei ya nyanya, unatazama kwanza uso wa mtu mkubwa kabla ya kujibu. Hukuwa hivyo. Shuleni ulikuwa wa kwanza katika bio-shimi, ule mchepuo wa biolojia na kemia, ukatoka, ukasema hutaki kazi ya kugusa wagonjwa, ukachagua kilimo. Kila mtu alishangaa isipokuwa mimi. Sikuombi ubadilishe. Kilimo ni kazi nzuri, na nimekuona ulivyosimamisha ile bustani ya mchicha kwenye udongo mbaya wa huku. Nakuambia tu kwamba najua ni nani aliyekufungia mlango ule.

Wewe unajua kwamba baada ya hapo tulihamia hapa mjini kwa ajili ya mazoezi ya mama yako, na kwamba nilipata kazi na Daktari Mwansa. Hukuwahi kuniuliza kazi gani hasa. Umeniona kila asubuhi kwenye kiti cha plastiki, nina daftari na simu, napiga hapa na pale, ukadhani ni mambo ya ofisi. Acha nikueleze, kwa sababu na yenyewe imetoka katika siku ile.

Daktari aliponiita mara ya pili hakuniita kunigombeza. Aliniuliza, "Siku ile mulipita hospitali ngapi?" Nikamwambia tatu. "Na nani alimupigia nani simu?" Nikamwambia hakuna. Akaandika kwenye karatasi: hakuna. Akasema anaona watu kama mama yako wakiletwa kutoka njia ya Kasenga, kutoka Lukafu, kutoka kila upande, na karibu wote wamepotelea kati ya lango moja na jingine. Skana zipo, dawa ipo mahali, madaktari wapo, lakini kila mmoja anakaa na kitu chake bila mwenzake kujua. Alitaka mtu ambaye wauguzi wa barabarani watamsikiliza, mtu wa kwao. Alinitazama vile, nikajua ananichagua mimi kwa sababu ya kosa langu.

Tulianza watu sita katika chumba kimoja: yeye, mimi, wauguzi watatu wa vituo vya barabarani, na Papa Kalumba kwa niaba ya madereva. Tulikubaliana mambo machache. Namba moja ya simu, ile iliyo kwenye simu yangu ndogo nyeusi. Muuguzi akiona mdomo umepinda au mkono umelegea, apige kabla ya kufanya lolote, na asitoe kidonge. Aulize saa ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima, aiandike kwa kalamu nzito kwenye plasta, aibandike mkononi mwa mgonjwa, ili hata akibadilisha mikono mara kumi saa yake isibadilike. Na kila asubuhi mimi nizungukie hospitali kwa simu, nijue skana ipi inafanya kazi leo, nani yuko zamu, dawa iko wapi, ili gari likitoka kijijini liende mlango mmoja tu.

Kwenye maelezo ni kitu chepesi. Kwenye kazi kilituchukua zaidi ya mwaka mzima. Hakuna hospitali inayopenda kusema mashine yake imekufa. Walikuwa wananijibu, "Iko, iko," na gari likifika hakuna. Nilikwenda kukaa kwenye madawati yao, nikawaomba wanitajie ukweli wa siku hiyo tu, kesho ni kesho. Nilijua ugumu wao. Mimi ndiye mtu wa mwisho wa kumshangaa mtu anayeona aibu.

Tumepoteza watu. Kuna mzee mmoja alikaa masaa mawili mahali pasipo mtandao, muuguzi wake akipanda kichuguu na kushuka na simu mkononi. Kuna siku skana zote za mji zilikuwa zimezima, nikawaambia ukweli huo watoto wa mgonjwa, na hakukuwa na la kuongeza.

Lakini mwaka huu, wakati wa kiangazi, njia ikiwa kavu, nilipigiwa kutoka Lukafu. Ni Mama Ngoie, muuguzi wa kule. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa ameangusha chaki mbele ya darasa, akashindwa kuiokota. Wanafunzi wakamkimbilia. Saa mbili na dakika kumi. Mama Ngoie aliniambia, "Plasta iko pa mukono, injini ya gari iko inawaka." Nilimwambia dereva apite mbele ya lango la hospitali ya kwanza bila kusimama, hata kama mlinzi anamfungulia, na ya pili pia, aje moja kwa moja. Daktari Mwansa alikuwa amesimama nje na kitanda. Mwalimu alipata dawa ndani ya muda wake. Kesho yake nilikwenda kumuona, akanipa mkono wa kulia. Alinibana vidole kwa nguvu, akifurahi kama mtoto. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia, na watu walidhani nalia kwa furaha.

Mwezi uliopita tulikutana wote tena. Siku hizi tumejaza ukumbi. Huwa ninawasimulia wauguzi wapya kisa cha mama yako, lakini nasema ni "muguzi mumoja niliyemujua". Nasimulia kikombe, kidonge, hospitali tatu, uongo wa saa, na mtoto aliyesema kweli. Wanaandika. Safari hii Mama Ngoie aliinua mkono.

"Ule mutoto," akasema, "balimushukuru?"

Nilisimama pale na kalamu mkononi. Daktari Mwansa alikuwa amekaa mstari wa mbele, na hakuangalia chini wala hakunisaidia. Nikasema, "Bado." Kisha nikasema, "Ni mutoto yangu." Mama Ngoie akakaa taratibu.

Ijumaa iliyopita nilimwambia mama yako. Nilifikiri namletea habari. Nilikaa mbele yake nikasema yote tangu mwanzo, mpaka kikombe cha chai cha Kamalondo. Unajua maneno yake sasa yalivyo machache na yanavyomchukua muda. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Siku ile... nilisikia. Kinywa njo ilikosa."

Alikuwa amesikia, Aziza. Alikuwa amelala pale amefumbua macho, anasikia saa tano yangu, anasikia saa moja yako, hawezi kusema. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kunionyesha kwamba anajua. Ilimchukua muda mrefu kupanga jibu. Akasema alidhani nilikwisha kukuambia zamani, nyumbani, tukiwa wawili. Maneno ya dada yake hakuyasikia, maana wakati ule alikuwa bado amelazwa. Alipoelewa kwamba sijakuambia, aligeuza uso ukutani. Jioni ile hakukubali nimlishe. Alichukua kijiko kwa mkono wa kushoto akala mwenyewe, akimwaga, na sikuthubutu kumsaidia. Kabla ya kulala alisema neno moja: "Mwambie."

Jumapili nikaenda Kamalondo. Nilimkuta mama mkubwa wako na wanawe, nikaomba wakae wote. Niliposema, Riziki hakupiga kelele. Aliniambia, "Miaka sita niko namuangalia ule mutoto kwa jicho mubaya, na weye uko unakunywa chai yangu." Akaingia ndani. Aliporudi alisema ataomba msamaha mwenyewe, kwa mdomo wake, na nisimtangulie. Kwa hiyo huenda muda huu ninapoandika amekwisha kukushika mkono na kukuambia. Kama ni hivyo, barua hii itakukuta unajua. Nimeiandika hata hivyo, kwa sababu hutakiwi kuisikia kwa mtu mwingine tu.

Sina mafundisho ya kukupa kutoka humu. Nimetafuta na kila ninaloliona linasikika kama mtu anayejipamba. Naweza kukuambia tu nilivyojiona mwenyewe: niliogopa dakika moja ya aibu, nikalipa kwa miaka, na sehemu kubwa ya malipo nikakuachia wewe. Ukifika kule ukakosea, na utakosea, mtafute mtu siku ile ile umwambie, kabla kosa halijazoea kukaa ndani.

Uliniita asubuhi, sikukusikia. Ukaniita saa nne bila kuniaibisha. Ukasema kweli alasiri mbele ya baba yako aliyekuamuru unyamaze, ukiwa huna mtu wa kukutetea, mama yako amelala hawezi kusema. Mama yako anatembea leo kutoka chumbani mpaka barazani akishika ukuta. Ananuna, anacheka, anagombana na mimi kwa vidole. Yuko hai kwa sababu yako. Nilikuambia kinyume cha hayo kwenye ukumbi wa hospitali. Ninayafuta sasa, nikijua kwamba nimechelewa. Asante, mwanangu. Unisamehe ukiweza, na kama kesho bado huwezi, panda ndege yako hivyo hivyo. Sitakuomba uharakishe.

Ukimaliza kusoma, njoo barazani. Nitakuwa nimekaa na mama yako. Niulize lolote unalotaka, mbele yake, nami nitajibu.

Papa yako,
Ramazani